Mzee Alipofagia Kompyuta

Kiondo cha mama yangu kililiwa na mchwa, lakini nilikuwa nimeshakipiga picha. Picha iko kwenye kompyuta kuukuu aliyoniletea binti yangu, zile za Linux, na mimi niliyeishia darasa la tatu nimeizoea vizuri. Ila mambo ya folda sitaki. Kila kitu naweka pale mbele, nikiwasha nakiona. Hata jikoni kwangu vijiko vinalala mezani, atakayesema aseme.

Basi nilikuwa nasuka kingine kama kile, cha kumpa mjukuu wangu Jumamosi, siku ya mahari yake. Nikafika kwenye mistari, nyekundu na kahawia, nikasuka mizunguko michache kwa kubahatisha. Roho ikakataa. Nikawasha kompyuta niangalie picha. Hakuna kitu! Skrini tupu kama uwanja wa kanisa Jumatatu.

"Mzee, umeshika kompyuta yangu?"

"Nilifagia tu," mume wangu akasema. "Vitu vimejaa kama soko la Mitaboni. Nikaona mahali pana tiki, nikaitoa, pakawa safi."

"Umefagia kiondo cha mama!"

"Mama yako naye alinifagia."

Hapo hakudanganya. Siku aliyokuja kuniposa, mama alimtoa kwa ufagio, akidhani ni yule mchuuzi aliyemuuzia mbuzi mgonjwa. Wanafanana, mimi mwenyewe nimeona.

Nikampigia binti yangu. Akacheka kwanza, ndio akaongea.

"Mwaitu, mama yangu, hakuna kilichopotea. Fungua pale unapofungulia mafolda. Unaona moja imeandikwa Desktop?"

Nikabonyeza. Vyote vimo, vimebanana kama kuku wamelala.

"Sasa ingia kwenye mipangilio, mahali pa kuonyesha vitu kwenye skrini. Baba arudishe tiki yake."

Mzee akairudisha, akilalamika eti mausi inateleza. Vitu vyangu vikatokea vyote pamoja, nikapiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani amezaa.

Nikafungua picha. Nyekundu inatangulia! Mimi nilikuwa nimetanguliza kahawia. Nikafumua palepale, mzee nikampa uzi ashike kwa mikono miwili.

Ijumaa kikaisha. Kesho yake mjukuu wangu akatoka mbele ya wageni akicheza, kiondo mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, kama mama alivyokuwa akibeba chake akitoka shambani.