Ndimu kwenye Jina la Baba

Baba yangu alikufa vitani, mbali, na divisheni yake ikamzika hukohuko. Sisi tulipewa jina lake tu, kwenye bamba la shaba la mnara wa askari hapa Likasi, katikati ya majina ya wenzake. Kila Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakienda kufyeka makaburi yao, mama alikwenda mnarani na fagio, majivu na ndimu. Hakujua kusoma. Nilimwonyesha mstari wa baba mara moja tu, akaushika kwa kidole. Bamba lote lilikuwa jeusi kwa mvua na moshi wa kiwanda. Mstari wa baba peke yake, aliousugua mama, uling'aa, mwekundu kama sufuria mpya ya shaba.

Minye sikusoma sana. Njaa ndiyo iliyonitoa shuleni, si upumbavu. Nyumba yangu nimeijenga kwa matofali niliyochoma mwenyewe, na mama alikula kwangu. Siombi huruma ya mtu.

Mishahara ilipokauka, watu walikata kila kilichouzika, hata nyaya za umeme wa bwawa la Koni. Askari nao hawakulipwa. Toussaint ikikaribia nilipita mnarani, nikakuta matundu ya skrubu tu. Nikaenda moja kwa moja kwa wanunuzi wa shaba. Askari mmoja alikuwa amekaa pale anakunywa, bunduki magotini, wala hakuficha kwamba ni yeye aliyeling'oa bamba. Nikamuuliza kama haoni haya kuuza wakubwa wake wa jeshi.

“Muzee, bale balikufa, habaombi chakula. Minye iko na batoto.”

Kisha akacheka. Alisema miaka yote walidhani lile bamba ni chuma tu.

“Ule mama wa ndimu ndiye alituonyesha. Umupe aksanti.”

Ningempiga. Nilitazama bunduki, nikarudi nyumbani.

Mama nilimwambia kwamba bamba limeibwa, basi. Siku ilipofika alichukua fagio lake vilevile. Macho yake yalikuwa yamefifia, nikamshika mkono. Alifagia, akapapasa ukuta, akapata matundu, kidole kikashuka mpaka pale pa baba. Akakata ndimu, akaanza kusugua.

“Lakini lilikuwa jeusi lote,” akasema. “Balijua je kama ni shaba?”

Nikamjibu kwamba wezi wa Likasi wanajua shaba hata gizani.

Alisugua mpaka ndimu ikaisha maji. Saruji haing'ai.