Bibi Anokh Kaur na Jeshi la Laki Moja na Robo

Alizaliwa mwaka 1735 katika kijiji cha Kotla Beri, karibu na mto Beas katika nchi ya Punjab, wakati ngano ilikuwa imekomaa na hakuna aliyethubutu kutoka kwenda kuivuna. Miaka ile Khalsa, jumuiya ya Masingasinga walioapishwa kuilinda imani yao, waliwindwa na watawala kama wanyama, na wanaume wengi wa kijiji waliishi msituni pamoja na farasi wao. Baba yake, Tahil Singh, alikuwa mfua panga. Mama yake alimwita Anokh, yaani asiye na mfano, na majirani wakacheka, maana mtoto alikuwa mdogo kama kifaranga aliyenyeshewa.

Siku ya Vaisakhi, sikukuu ya mavuno, alipokuwa na miaka kumi na minne, alikunywa maji matamu yaliyokorogwa kwa upanga, akahesabiwa miongoni mwa Khalsa. Tangu hapo mjomba wake, Baba Dargah Singh, akamfundisha vita. Kila alfajiri walisali kwanza, kisha wakashika fimbo na ngao mpaka mikono ikafa ganzi. Anokh alikuwa na swali lililomkereketa, na siku moja likamtoka: "Mjomba, tunasema ushindi ni wa Mungu. Mbona malengelenge ni yangu?" Mzee alicheka hadi kilemba kikalegea. "Wewe ulitaka Mungu aje hapa uani ashike fimbo? Inua ngao, mwanangu, bega liko wazi." Anokh akainua ngao, lakini jibu halikumtosha. Alifanya mazoezi kwa miaka mingine bila kulipata, na moyoni aliogopa kwamba siku ya hatari mkono wake ungekuwa peke yake.

Wapiganaji wa Khalsa, wenye nguo zao za buluu, walikuwa na lugha yao ya kuidhihaki shida. Dengu za kukaanga waliziita lozi. Kitunguu walikiita fedha. Na mtu mmoja aliye peke yake walimwita jeshi la watu laki moja na robo, hata awe na njaa na viatu vimetoboka.

Mwaka 1757 habari zilifika msituni, ambako Anokh sasa aliishi na mjomba wake na wapiganaji, kwamba wavamizi wanateremka kando ya mto, wakichoma vijiji na kuchukua wanawake na watoto utumwani. Kotla Beri ilikuwa na ngome ya udongo tu, na ndani yake akina mama, wazee na wachanga. Wanaume hawangeweza kufika kabla ya kesho yake asubuhi. Baba Dargah Singh akampa Anokh farasi mwepesi kuliko wote. "Tangulia ukashike lango," akamwambia. "Sisi tuko nyuma yako." Akapanda, akapita katikati ya mashamba ya miwa, na jioni jua likiwa bado juu akafika ngomeni. Akapaza sauti kama alivyozoea: "Fungueni! Jeshi la laki moja na robo limefika, na lina njaa!"

Sasa zamu ya ukuta ilikuwa ya Hukmi, bibi harusi aliyetoka milimani mwezi ule ule. Hakuwa mtu wa Khalsa na hakuijua lugha yao. Aliposikia vile, akidhani jeshi liko nyuma ya mpanda farasi huyo, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Laki moja!" alipiga ukelele. "Mama mkwe, nimekwisha! Jeshi zima la Khalsa liko nje linataka chakula! Unga uko debe moja tu! Nitawapikia nini watu wote hawa?" Wanawake ndani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Pika tu, wifi," mmoja akamwambia, "anza na sufuria kubwa!" Hukmi akazidi kulia kwa sauti, akitaja majina ya masufuria yote ya kijiji.

Hakuna aliyejua kwamba wapelelezi wa wavamizi walikuwa wamejificha ndani kabisa ya miwa, wakisikia bila kuliona lango. Kelele za mpiganaji wasingeziamini, kwani wapiganaji hujigamba. Lakini kilio cha mpishi aliyekata tamaa walikiamini. Wakamkimbilia mkuu wao, naye akasita, akatuma watu wachache waligonge lango waone. Anokh akatoka kwenye kijilango chembamba ambapo mtu mmoja tu hupita, akasimama na ngao na upanga wake. Wa kwanza alimwangusha kwa pigo la miguuni, lile alilorudia uani tangu utoto. Wa pili akamkata Anokh bega, lakini Anokh hakurudi nyuma. Wenzao walipomwona wa tatu anavuja damu kwa upanga wake, walivutana wakakimbia, wakapeleka habari kwamba ikiwa mlinzi wa mlangoni ni mwanamke wa namna ile, basi walio ndani hawakabiliki. Kabla giza halijaingia vumbi la wavamizi lilikuwa ng'ambo ya mto.

Yule wa kwanza aliyeangushwa alikuwa ameachwa langoni, naye akawaeleza jinsi wapelelezi walivyosikia kilio cha mpishi. Wanawake walimbeba Anokh wakimwita mwokozi wao. Akawaomba wamshushe. "Mshukuruni Mungu, kisha mshukuruni huyu," akasema, akimwonyesha Hukmi. Hukmi akafunika uso kwa shela. "Dada, usinicheke. Mimi nilikuwa naogopa kupika tu!" Anokh akatabasamu, kisha akalia, maana hapo ndipo alipopata jibu lake. "Kama nisingejifunza, wangeingia," alisema. "Na kama wewe usingekosea, wangekuja wote. Hilo la kwako nani kati yetu angelipanga?"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, bega moja likiwa zito, akiwafundisha wasichana fimbo na kuosha vyombo katika jiko la gurdwara, nyumba yao ya ibada. Inasimuliwa kwamba mwaka wa ukame watu walimwendea awaombee maji. Aliwagawia majembe. Wakachimba huku yeye akisali na kuchimba nao, na pale walipokuwa wanataka kuacha, udongo ukalowa. Alifariki mwaka 1803, alfajiri, baada ya sala.

Enyi ndugu, tumshukuru Mungu kwa maisha yake. Tuamke mapema tufanye kazi yetu mpaka mikono ichoke, bila kuibania hata kidogo. Na ikifanikiwa, tutazame kando yetu kwa unyenyekevu, tumtafute yule aliyekuwa analia kwa ajili ya masufuria, tumshike mkono.