Daftari Kwenye Debe la Mbegu

Mpaka leo nikikumbuka daftari lile nakereka. Tulikuwa watu wanne, kila Jumamosi mchana nyuma ya duka la dawa za mifugo hapa Garsen, tukicheza ule mchezo wa mezani wa kujifanya mashujaa kwa dadu na kalamu. Mwenye duka, Muorma aliyekulia machungani, ndiye aliyesimulia safari na kushika sheria. Mimi nilikuwa mchawi.

Ukitaka kuteseka, chagua mchawi. Mpiganaji akipanda ngazi anaongezewa nguvu hapo hapo. Kasisi anasali tu, anapewa. Mchawi anapata maneno mawili mapya ya uchawi kila ngazi, basi. Mengine ayatafute mwenyewe kwenye vitabu vya wachawi waliokufa, ayanakili moja moja, na asiponakili hana kitu. Nilinakili miaka miwili, yote kwenye daftari langu. Nilikuwa na maneno arobaini na moja, na la mwisho, la kuruka juu ya maji, lilinila Jumamosi tano nzima.

Siku ambazo hatuchezi, daftari nililificha nyumbani Kulesa, kando ya mto, kwa mama. Mama ni mtu wa kanisa. Angelisoma, ningeombewa mpaka Pasaka. Kwa hiyo nililitumbukiza ndani ya debe la mbegu za mahindi, lile linalokaa juu ya moshi wa jikoni. Nilijiona nina akili sana. Mto ukifurika, kitu cha kwanza mama anachobeba ni mbegu.

Mto ukafurika nikiwa Garsen, na kweli mama akabeba debe. Nilipofanikiwa kumfikia kwenye mahema, huko juu walikohamia, mbegu zilikuwa kavu kabisa. Daftari lilikuwa limebaki pini mbili za kushikia karatasi.

"Kuni zilikuwa zimelowa, na watoto wa dada yako wana njaa," mama alisema. "Karatasi kavu ilikuwa hiyo tu."

Aliwapikia uji. Sasa ningemwambia nini? Nilikasirika, nikaona haya kukasirika, nikakasirika zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia mwenye duka yote, nikamwomba anirudishie maneno yangu, kwa kuwa kilichoungua ni daftari la kawaida la kununua dukani, si kitabu cha mchawi wa mchezoni. Akakataa. Alisema alitutangazia tangu siku ya kwanza kwamba daftari ndilo kitabu, likipotea limepotea. Nilibishana naye mpaka wenzetu wakaanza kukusanya dadu. Nikamwita mkaidi, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kama ule uji uliiva. Nikasema uliiva.

"Basi neno la moto ulilitumia vizuri," alisema. "Hilo nakuachia."

Neno la moto ndilo la kwanza kabisa. Hata mchawi mchanga huanza nalo. Nilifungua daftari jipya nikaliandika, nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.