Dira Iliyompenda Fundi Wake

Mlangoni kwa Fundi Dira kulikuwa na kikapu, na hakuna aliyeingia karakana yake kabla ya kuvuliwa chuma. Funguo, mkanda, pini za nywele, vyote kikapuni. "Sindano ya dira ni kama mtoto mchanga," alipenda kusema. "Ikisikia chuma kinapita, inageuza shingo." Shemeji yake aliwahi kurudishwa kwa sababu ya msumari mmoja kwenye soli ya kiatu, akanuna mwaka mzima.

Kazi yake ilikuwa kufufua dira za shaba za zamani, zile za wapima viwanja. Waliozitengeneza walikufa kabla babu yake hajazaliwa, lakini aliwajua tabia. Mmoja alichonga jina lake kwa herufi zenye mikia mirefu. Huyo alimwita Bwana Maringo. Mwingine alikaza skrubu mpaka zikagoma kufunguka. "Mchoyo wewe!" Fundi alimfokea. "Umekaza kama unafungia kabati la nyama!" Mkewe, akifagia ukumbini, alimsikia akigombana na marehemu, akamwacha.

Kisha daktari akamkataza sukari, na mkewe akaisimamia amri kama askari wa geti. Chai ikawa maji ya moto yenye rangi. Ajabu ni kwamba mzee aliinywa bila kukunja uso.

"Mume wangu ana moyo," mkewe aliwatambia majirani.

Moyo alikuwa nao, sikatai. Ila chini ya ulimi alikuwa na peremende. Alizificha kwenye kikopo bapa cha bati, mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Huyu aliyewavua wenzake hadi pini hakuwahi kujipapasa mwenyewe. Mganga hajigangi.

Ndipo mpima viwanja mmoja, binti mwenye buti za vumbi, akamletea dira aliyorithi kwa mwalimu wake. Fundi aliisafisha, akainoa ncha inayobeba sindano, kisha akaiweka mezani juu ya mstari wa shaba unaoonyesha kaskazini. Akaiinamia akiwa na koti lake, akaizungusha sahani ya herufi taratibu mpaka herufi, sindano na mstari vikakubaliana. Akakaza skrubu.

Kesho yake binti alirudi amefura. Hata hivyo alivua buti na mkanda bila kuambiwa.

"Baba, dira yako imenipeleka chooni kwa watu."

"Chooni?"

"Nimefuata mpaka wa shamba, nikatokea mlangoni kwa choo cha jirani. Na mwenyewe yumo!"

"Haiwezekani. Lete hapa." Fundi akaiweka juu ya mstari, akaiinamia. Sindano ikatulia mahali pake. "Unaona? Imelala kama mtoto aliyeshiba."

Binti akaichukua hadi dirishani. Sindano ikaenda kombo. Akairudisha kwa mzee, ikanyooka.

"Kumbe inakupenda wewe tu. Sasa nikubebe kwenye gunia niende nawe shambani?"

Mkewe, aliyekuwa amekuja kuchungulia, alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

Fundi akaanza kutafuta mchawi. "Mama watoto, una pini wewe."

"Sina hata moja."

"Ni paa la jirani basi. Bati jipya lile."

"Lina miaka kumi, baba watoto."

Alipotahayari, mkono ulikwenda wenyewe kifuani kutafuta faraja, kama ulivyozoea. Vidole vikagusa kikopo. Alielewa yote mara moja: dira aliirekebisha ifuate peremende zake.

Angeweza kunyamaza. Angesema, iache niitazame tena. Lakini binti alishapoa, akasema kwa upole, "Baba, usikasirike. Macho huchoka. Dira nyingine za ofisini kwetu, nilizotaka kukuletea, nitazipeleka kwingine, wewe upumzike."

Kicheko cha mkewe kikakatika. "Hata mimi nimeona siku hizi anainama mno. Pumzika, mume wangu. Umefanya kazi ya kutosha."

Huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Akatazama meza yake, akamtazama mkewe. Mwizi wa peremende, au mzee aliyekwisha? Akaingiza mkono kotini, akakiweka kikopo mezani. Sindano ikageuka kama mtu aliyeitwa jina.

"Macho yangu mazima. Kosa ni hili hapa."

Mkewe akakifungua, akanusa.

"Moyo," alisema. "Nami nazunguka mtaa mzima nikiwaambia watu una moyo." Akakibeba kikopo, akamshika binti mkono. "Twende nje, mwanangu. Chuma hakikai humu."

Wakaketi kwenye benchi barazani. Fundi akalegeza skrubu na kuanza upya, peke yake, huku sauti za kumung'unya zikipenya dirishani.

"Onja hii ya ndimu."

"Mama, ya tangawizi ndiyo yenyewe!"

Aliizungusha sahani akimeza mate. Akaijaribu mezani, akaijaribu dirishani na ukumbini. Haikuyumba. Akamtolea binti, naye akaenda nayo hadi barabarani, akairudisha akitabasamu.

"Hii sasa haina mpenzi. Zile nyingine nakuletea Jumatatu, baba."

Fundi akajikohoza, akakitupia jicho kikopo mapajani kwa mkewe.

"Mmebakiza?"

"Si umesema macho yako mazima?" mkewe akamjibu, shavu moja limevimba. "Chungulia mwenyewe."