Tundu Tupu la Bastola ya Orval

Majira yote ya baridi mume wangu Orval aliitengeneza bastola fupi ya marehemu baba yake, akaisugua kutu na kuitia springi mpya. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba kwetu Kentaki bastola kuukuu hutiwa risasi nne, na tundu la tano, lililo chini ya nyundo inayoigonga risasi, huachwa tupu, maana ikianguka hufyatuka yenyewe. Siku hizi anasahau. Jumapili nikakuta zimo tano.

"Toa moja, mzee."

"Tangu lini ukanifunza bastola?"

"Si ulinifunza wewe, mbishi mkubwa!"

Akacheka, akaitia bastola mfukoni na risasi zake zote tano, tukaenda kanisani. Mimi sijazoea kumbembeleza mtu. Ibada nzima nilikaa ubavuni mwake, nimeushikilia mfuko ule kwa kiganja.