Viti Vinne vya Mama Fanny

Mwanzoni majina yale yalimshinda kutamka. Tashkent, Samarkand, Dushanbe, Khorog. Claudine aliyarudia polepole huku akigeuza samaki juu ya chanja, kama mtu anayejifunza majina ya wakwe wapya, na kila jina lililokubali kukaa mdomoni lilimpunguzia hofu kidogo. Kufikia siku ya tano aliyajua yote. Hofu haikwisha.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Yanonge, mtu wa mto kwa baba na kwa mama. Katika soko kuu la Kisangani alikuwa na meza ya samaki waliokaushwa kwa moshi, na nyumbani kwake Mangobo alikuwa na chanja chake mwenyewe. Wengi walimwita Mama Fanny, kwa jina la mtoto wake wa pekee. Fanny alikuwa amepata bursa, ufadhili wa kusomea miamba na madini huko Tashkent. Sasa masomo yalikuwa yamekwisha, na kabla ya kurudi nyumbani yeye na wanafunzi wenzake watatu walichanga, wakakodi gari pamoja na dereva wake. Wangesafiri kwa barabara siku kumi, kutoka miji ya kale yenye makuba ya buluu, kupitia milima mirefu, hadi mji wa Osh.

"Mama, unaniruhusu?" Fanny aliuliza kwenye simu.

Claudine alitaka kukataa. Lakini kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amemkatalia mtoto huyo kila kitu: asiogelee, asipande mashua, asivuke daraja la Tshopo mvua ikinyesha. Safari hii aliona haya. "Nenda," alisema. Tangu siku hiyo neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka kumi na mmoja ilihesabiwa tangu mto ulipomchukua Carlos, mumewe. Baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, ilikuwa imejazwa kupita kiasi, ikapinduka kati ya Isangi na Yanonge. Claudine hakuwa na kumbukumbu ya maji wala ya mashua, kwa kuwa hakuwapo. Alichokumbuka ni viti. Asubuhi ile watu watatu walikuja kwake. Wakaomba kuketi, wakaomba maji ya kunywa, wakauliza hali ya mtoto na hali ya biashara. Wakanywa bila haraka. Ndipo mmoja akasema kwamba Carlos anaumwa kidogo.

Ndivyo inavyofanywa kwao. Habari nzito haiambiwi mtu aliyesimama, kwa sababu ataanguka, wala haipelekwi na mtu mmoja, kwa sababu hatakuwa na wa kumsaidia kumshika. Wote wanaketi kwanza. Claudine mwenyewe ndiye aliyewapangusia viti vumbi na kuwamiminia maji, na hilo ndilo hakuweza kujisamehe: kwamba aliikaribisha habari ile kwa mikono yake, akaipa mahali pa kukaa.

Basi, ujumbe wa Fanny ulikuwa ukiingia kwenye simu kila siku yapata saa tisa mchana, wakati kule walikokuwa jua lilikuwa tayari linazama. Claudine aliusikiliza sokoni, simu ameibana sikioni, kidole kingine kimeziba sikio la pili. Samarkand kulikuwa na zabibu na mikate ya duara inayong'aa kama imepakwa mafuta. Dushanbe kulikuwa na bustani za waridi. Kisha barabara ikaingia milimani, na sauti ya Fanny ikabadilika, ikawa ya mtu anayetembea haraka.

"Mama, tuko kandokando ya mto. Ng'ambo ni Afghanistani! Minaona mutu na punda wake, karibu kabisa, tungemupigia kelele angesikia."

Jina hilo Claudine alilijua kutoka redioni. Siku hiyo hakugusa lituma yake, ndizi zake za kupondwa. Alimwonyesha jirani yake Khadija picha iliyokuja pamoja na ujumbe. Khadija alikuwa mshonaji, mwanamke wa Kiislamu wa familia ya siku nyingi katika mji huo, na cherehani yake ilikaa barazani hatua chache kutoka chanja cha Claudine.

"Angalia," Claudine alisema. "Angalia vizuri. Unaona nini?"

"Minaona mawe."

"Na miti?"

Khadija aliisogeza simu karibu na macho. "Apana. Haiko hata moja."

Hilo lilimtisha Claudine kuliko magenge ya milima yenyewe. Alikuwa mtu wa msitu na maji. Nchi isiyo na mti hata mmoja aliiona kama nyumba isiyo na mtu. Alituma swali: wanapikia nini huko? Jibu lilikuja na sauti ya mwanamume, nene, yenye kicheko. Alikuwa Azamat, dereva. "Mama! Tezek!" alipaza sauti, na Fanny akaeleza nyuma yake, akicheka pia, kwamba tezek ni mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Kisha Azamat akasema maneno aliyofundishwa, akiyasukuma moja moja kama mtu anayevusha magunia: "Mama. Fanny. Iko. Muzuri."

Claudine aliurudia ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyokubali kumwambia Khadija. Mtu anayeshika usukani wa mtoto wako ni vizuri uijue sauti yake.

Alhamisi ujumbe ulitoka mahali paitwapo Murghab. Pumzi ya Fanny ilikuwa fupi. "Hapa hewa iko kidogo, Mama. Kichwa kinaniuma. Kesho tunapita njia ya juu kabisa, iko na barafu. Réseau ya simu haitakuwa, siku moja, labda mbili. Usianze kuogopa."

Ijumaa simu ilinyamaza. Jumamosi ilinyamaza. Jumapili Claudine alikwenda misa na simu mkononi, akatoka bila kujua padri amehubiri nini. Aliizima, akaiwasha. Alinunua mega nyingine za intaneti ingawa zile za kwanza hazijaisha. Alianza kusikia gari lisilokuwapo, gari dogo jeupe likinguruma mahali fulani juu ya kichwa chake, likipanda na kupanda, naye akilisukuma kwa tumbo lake.

"Réseau inakatikaka hata hapa Mangobo," Khadija alimwambia. "Kule juu ya mawe je?"

"Alisema siku mbili."

"Alisema labda mbili. Labda, Mama Fanny."

Jumatatu Claudine hakwenda sokoni. Jua lilipokaribia utosini aliwaona wakija kwenye njia ya mchanga katikati ya nyumba. Walikuwa watatu. Mbele alikuwa Jean-Paul, mdogo wa marehemu Carlos. Nyuma yake mkewe, Lydie, mnene, akichechemea kwa sababu ya magoti. Na kando yao Papa Sébastien, katekista, amevaa shati la mikono mirefu katika joto lile. Jean-Paul hakuwa mtu wa kuja kimya. Kwa kawaida alianza kumtania shemeji yake tangu kwenye kona: bokilo, umenifichia kichwa cha samaki, bokilo, nimekuja kukuoa. Leo alitazama chini, akihesabu hatua zake.

Mwili wa Claudine ulielewa kabla yake.

"Khadija," alisema. "Viti."

"Ndiyo, nawaletea."

"Apana! Ondoa! Wasikalie!"

Alikuwa na viti vinne vya plastiki. Kabla Khadija hajasimama, Claudine alivikusanya mwenyewe, akavipachika kimoja juu ya kingine, akapanda juu yake. Aliketi pale juu, miguu ikining'inia, mikono imeshika pande zote mbili. Wazo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa wazi kama maji ya asubuhi: wasipoketi, hawawezi kusema. Na wakiwa hawajasema, Fanny bado anapanda mlima.

Wageni walifika, wakasimama.

"Mama Claudine, amani kwako," alisema katekista.

"Amani."

"Bokilo," Jean-Paul alisema, na sauti yake haikuwa na mchezo wowote. "Tuikale kwanza."

"Viti haiko."

Jean-Paul alivitazama. "Viti iko. Umekalia yote ine."

"Iko yangu."

"Donc, tupatie hata maji, tumetembea mbali," Papa Sébastien alisema kwa upole.

"Bomba imekauka."

Ndoo ilikuwa mlangoni, imejaa hadi ukingoni. Hakuna aliyeitaja. Khadija alikuwa ameshika kitambaa cha mteja kifuani kama vile mtu anataka kumnyang'anya.

"Claudine, acha utoto," Lydie alisema. "Jua inatuua hapa."

"Rudini kwenu. Mutakuja kesho. Kesho nitapika pondu, mutakula, tutaongea. Leo apana."

"Hatuwezi kurudi bila kukuambia," Jean-Paul alisema.

"Basi muniambie bei ya samaki!"

Walisimama. Kuku alipita kati yao. Jasho lilimtiririka katekista shingoni, likaingia ndani ya kola, naye hakulipangusa. Jean-Paul hakujua kusema jambo kama hilo akiwa wima, hakuwahi kuona mtu akilisema hivyo. Claudine aliwatazama mmoja mmoja, akajikuta anawachukia kwa chuki kamili, watu hawa aliowalisha, kwa vile walikuwa wamebeba kitu na hawakukubali kukirudisha walikokitoa.

Ni magoti ya Lydie yaliyoshindwa. Alishika bega la mumewe, akajishusha, akaketi chini mchangani, miguu ameinyosha mbele.

Lakini wanawake huketi chini namna hiyo siku moja tu, siku ya kilio.

Claudine akapiga yowe. Halikufanana na sauti ya mtu; hata yeye alilisikia kama linatoka ng'ambo. Khadija akaangusha kitambaa, akaanza kulia. Majirani wakatoka mbio, wanawake wakiwa wamejifunga vitenge viunoni, na wa kwanza walipomwona Lydie mchangani hawakuuliza. Wakaweka mikono vichwani, wakaangua kilio. Viti vikayumba. Claudine akaanguka pamoja navyo.

"Muzima!" Jean-Paul alikuwa akipiga kelele, na hakuna aliyemsikia. Akamwinamia Claudine, akamshika uso kwa mikono miwili. "Bokilo! Fanny iko muzima! Iko muzima, unasikia? Mutoto haikukufa!"

Kilio kilikatika vipande vipande, kuanzia karibu hadi mbali.

"Rudia," Claudine alisema kutoka chini.

"Iko muzima. Iko hospitali, mji wa Osh. Mguu umevunjika, tu. Alinipigia jana jioni."

"Jana." Claudine alijiinua kwa kiwiko. "Jana jioni ulijua. Juu ya nini hakunipigia mimi?"

"Alikataa. Alisema: tonton, Mama iko peke yake, ataanguka. Tafuta watu, muende, mumukalishe."

Claudine alimtazama. Mtoto alikuwa amesoma miamba ya dunia nzima, na bado alikuwa mtoto wa kwao.

"Kama ni mguu tu," alisema polepole, "juu ya nini mulikuja watu watatu?"

Jean-Paul aliokota kiti, akakisimamisha. Safari hii Claudine aliketi bila kuambiwa.

Basi akasimuliwa. Juu kabisa ya njia kulikuwa na barafu, na upande mmoja wa barabara ulikuwa umemeguka. Azamat aliwashusha wote wanne, akawaambia wapite kwa miguu, wakisogea ukutani mwa mlima. Yeye angelivusha gari likiwa tupu. Claudine aliitikia kwa kichwa. Jambo hilo alilijua. Madereva wa barabara ya Bafwasende hufanya vivyo hivyo kwenye madaraja ya magogo: abiria chini, dereva peke yake. Gari lilifika katikati. Kisha ukingo ukaondoka pamoja na gari. Fanny alikimbia akimfuata Azamat kwenye mteremko wa mawe, ndipo mguu ulipovunjika. Hakumfikia. Walikaa pale hadi lori lilipopita siku ya pili.

Jirani mmoja aliyekuwa amelia kuliko wote alipangusa macho, akauliza kwa aibu kidogo: "Alors, nani amekufa?"

"Azamat," Claudine alisema.

"Azamat wa nani?"

Badala ya kujibu aliitafuta simu mchangani, akaipuliza vumbi, akabonyeza. Sauti nene ilitoka, ikacheka, ikasukuma maneno yake. Mama. Fanny. Iko. Muzuri. Baadhi ya wanawake walishika midomo.

"Alikuwa Mwislamu?" Khadija aliuliza.

"Fanny aliniambia anasali. Anasimamisha gari, anatandika kitu chini."

"Basi iko wetu," Khadija alisema. Alijifunika kichwa vizuri, akafungua viganja, akaanza kumsomea Fatiha. Papa Sébastien akainamisha kichwa, akangoja amalize.

Claudine alisimama, akavipanga viti vingine vitatu kivulini mwa ukuta. Akachota maji kwenye ndoo, akawapa wageni kwa mikono miwili, Lydie wa kwanza. Hofu haikuwa imemtoka. Ilikuwa imehama tu, imevuka milima ile isiyo na miti, ikaenda kusimama mlangoni pa mwanamke asiyemjua, mama yake Azamat. Alijiuliza ni nani amekwenda kwake, na kama walikuwa watatu, na kama yule mama aliwapangusia viti.

Saa tisa simu ikalia.

"Mama?" Sauti ya Fanny ilikuwa ndogo, mbali, na nyuma yake vyombo vya chuma viligongana. "Mama, umeikala?"

Claudine aliketi. Lydie akamshika mkono mmoja, Khadija bega.

"Nimeikala, mwanangu," alisema. "Sema yote."