Joho la Japani na Mkono Wangu wa Kulia

Najua habari hii mmeshaisikia, maana Neema ameionyesha nusu ya kanisa ile picha yangu ya Japani, na Jumapili iliyopita mama mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama nimeshafufuka. Basi acheni niiseme mwenyewe. Aibu yako ikisimuliwa na wengine wanaongeza chumvi, na hii yangu chumvi inayo ya kutosha.

Neema ni mjukuu wangu, yule anayefanya kazi ya kompyuta huko Markham. Nimemlea mimi tangu mama yake alipotutoka, kutoka Uvira kule Kongo mpaka kambi ya wakimbizi mpaka hapa Malton, pembeni ya Toronto, kwa hiyo anayetaka kumwoa lazima apite kwangu. Na aliyekuja ni Kenji, kijana wa Kijapani wa Richmond Hill, mpole, anakula sombe yangu ya majani ya muhogo na anaomba kuongezwa. Mimi nilishampitisha. Shida ilikuwa kwao. Kuna bibi yake, bado yuko Japani, na katika ukoo ule hakuna jambo linaloanza kabla yeye hajaliangalia kwa macho yake. Mwaka ukapita, hakuna aliyetamka neno harusi. Ndipo Neema akachukua likizo akasema, Koko (ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita), twende Japani mimi na wewe, tutembee, na siku ya pili yule bibi atakuja kutuona kwenye nyumba ya wageni tutakayofikia. Kenji alibaki kazini.

Ndani ya ndege Neema akanishika mkono. "Koko, plizi, huko usibishane na mtu."

Nikamwuliza nitabishana na nani, lugha yenyewe siijui.

Jamani, ile nchi. Mimi nilitaka kujua kila kitu. Viatu unavua mlangoni, hilo nililipenda, lakini wanakupa ndala za ukumbini, halafu ukienda chooni unaziacha na kuvaa ndala nyingine za choo, nami nikasimama pale nikiwaza kwa nini sisi hatukulifikiria hili. Barabarani kuna kabati la chuma, unalibonyeza linakupa kahawa ya moto ndani ya kopo (nililibonyeza mpaka Neema akanivuta). Na maji ya kuoga yanatoka ardhini yenyewe yakiwa moto, yananuka mayai yaliyooza, na watu wanayapenda hivyo hivyo.

Kule kwenye nyumba ya wageni wanakupa joho la pamba, yukata, unalivaa kutwa nzima, hata mezani unakwenda nalo. Siku hiyo ya pili Neema alikwenda stesheni kumpokea bibi, akaniacha na dada mmoja wa pale anivalishe. Yule dada akanifunga vizuri, pole pole, upande wa kulia chini, wa kushoto juu, akainama, akatoka.

Nikajitazama kwenye kioo. Kushoto juu?

Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haumsalimii mtu, na jambo la heshima haulimalizi. Mimi kitenge changu namalizia na kulia tangu nilipoota matiti. Tena nimefanya kazi ya udobi miaka kwenye hoteli hapa karibu na uwanja wa ndege, nimekunja majoho mpaka nikayaota. Leo niende kukutana na mkwe, kushoto kumetangulia? Nikafungua mkanda, nikaweka kulia juu, nikafunga tena. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikatoka ukumbini kutembea. Mzee mmoja aliponiona akabana ukutani, akateremsha macho mpaka nilipopita. Akina mama wawili waliokuwa wanaongea wakanyamaza. Nikasema moyoni, hawa watu wana heshima, ndiyo maana nchi yao safi. Mara yule dada akaja mbio, uso mwekundu, akainama na kuinama, akanigeuzia joho kushoto juu. Nikatabasamu, nikainama kama yeye, nikakata kona, nikafungua tena, kulia juu. Nilimhurumia, msichana mkubwa vile hakufundishwa mkono.

Pale mapokezi kuna mikeka minene, mizuri, na jua la dirishani. Mwili wangu ulikuwa bado uko Toronto, ulijua ni usiku. Nikakaa. Nikajinyoosha kidogo tu, chali, nimenyooka kabisa ili joho lisikunjike (udobi hauniachi), mikono tumboni. Jua likanipiga machoni, basi nikachukua kile kitaulo cheupe cha kuogea, nikajifunika uso.

Usingizi ukanichukua. Kilichoniamsha ni sauti ya Neema.

"Koko?"

Hiyo sauti naijua. Ndiyo aliyomwitia mama yake, mara ya mwisho. Nikakivuta kitaulo haraka, na mbele yangu kulikuwa na bibi kizee mdogo kama ndege, amepiga magoti, amefumba macho, ameunganisha viganja, ananiombea.

Nikaketi. Nikasema kwa sauti yangu hii mnayoijua, "Karibu, mkwe wangu!"

Yule bibi akaanguka makalio. Kijana wa mapokezi akaangusha sinia la chai. Neema akanishika mabega, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika, ndipo akaniambia kwamba Japani kulia juu huvalishwa maiti, na uso wa maiti hufunikwa kitambaa cheupe.

Nikatazama watu. Wote walikuwa wamesimama, na yule mzee wa ukutani naye alikuwepo. Nikajua nimeiua harusi ya mtoto niliyemlea.

Yule bibi akajivuta kwa magoti mpaka kwangu. Akaushika mkanda wangu, akaufungua, pale pale mbele ya watu, joho likaachia, na Japani yote ikaiona suruali yangu ya ndani ya baridi ya Toronto, ile yenye kiraka gotini. Akaweka kushoto juu. Akakaza mkanda mpaka pumzi ikakatika. Kisha akasema kitu polepole, na Neema (amejifunza lugha yao kwa ajili ya Kenji) akanitafsiria.

"Anasema mtu wa mwisho aliyemfungia kulia juu alikuwa mume wake."

Nikamwambia Neema, mwambie mume wangu nilimzika nimemfunga kitenge changu, sikuwa na kingine.

Bibi akanipiga paja, paa, akasema maneno machache, na Neema akaficha uso.

"Sema," nikamwambia.

"Anasema... usife tena kabla ya harusi."

Harusi! Amelitamka yeye. Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, kushoto na kulia, usiwepo wa kulalamika.

Basi nimeapa. Nikifika kwa watu, nitavaa wanavyonivalisha, hata wakinivalisha kichwa chini miguu juu, na kama sielewi nitauliza kwanza ndipo nifungue. Ila yule bibi anakuja Toronto kwenye sherehe. Kitenge chake nimeshamchagulia, cha bluu chenye ndege, na nitamfunga mimi mwenyewe, kulia juu. Na asithubutu kukata kona akakigeuza.